Chungwa la Kijani

Chungwa la Muheza huiva likiwa kijani, na jambo hili, ambalo kwa mkaazi wa Tanga halistahili hata kutajwa, limekuwa sababu ya tunda hilo kuonewa katika maduka makubwa ya miji yetu, ambako wanunuzi waliozoea picha za machungwa ya rangi ya dhahabu hulipita kwa dharau wakaenda kulipa bei kubwa zaidi kwa machungwa yaliyovuka bahari kutoka Misri au Afrika ya Kusini, yaliyopakwa nta, yakang'arishwa na kupangwa chini ya taa, hata mtu akadhani kwamba uzuri huo wa nje ni shahada ya utamu ulio ndani. Mimi sina uadui na machungwa ya ugenini. Yako mema mengi miongoni mwao, na mwenye kiu hana haki ya kuliuliza chungwa kabila lake. Walakini naona si insafu tunda kuhukumiwa kwa kosa la hali ya hewa.

Asili ya jambo lenyewe ni nyepesi. Ganda la chungwa changa lina kijani ile ile iliyo katika majani ya mti wake, na kijani hiyo haiondoki kwa sababu tunda limeiva, bali kwa sababu usiku umekuwa wa baridi, kiasi cha nyuzi 13 za Selsiasi au chini ya hapo. Ndipo inapofifia, na manjano iliyokuwa imejificha chini yake ikadhihiri. Muheza iko chini ya milima ya Usambara, katika nchi ambayo kwa miezi mingi ya mwaka mtu hulala bila ya kujifunika shuka, kwa hiyo ganda la chungwa halina sababu ya kubadilika, ilhali ndani yake sukari imekwisha kuongezeka, ukali umepungua na maji yamejaa. Hata yale ya aina ya Valencia, ambayo katika nchi zenye majira ya baridi hugeuka manjano mapema, yakiachwa mtini mpaka joto lirejee huanza kurudia kijani kuanzia upande wa kikonyo, nayo aghalabu huwa matamu wakati huo kuliko siku yalipokuwa yaking'aa.

Wafanyabiashara waliyafahamu haya zamani, na maadamu mnunuzi hakukubali kufundishwa, waliazimia kulifundisha tunda. Huko California, mwanzoni mwa karne ya 20, malimau yaliyokomaa lakini yangali ya kijani yalikuwa yakiwekwa katika vyumba vyenye majiko ya mafuta ya taa, na baada ya siku kadhaa yakatolewa yamekuwa manjano. Watu walisadiki kuwa ni kazi ya joto, hata vilipoletwa vyombo vingine vya kutia joto, vilivyo safi zaidi, na malimau yakabaki na kijani chake, ndipo ilipobainika kwamba siri ilikuwa katika moshi. Mwaka 1924 mtaalamu mmoja wa serikali ya Marekani, F. E. Denny, alithibitisha kuwa kilichofanya kazi hiyo ni gesi ya ethilini, na siku hizi gesi hiyo hutiwa kwa kipimo katika vyumba vya machungwa na malimau katika nchi nyingi. Sisemi kuwa huo ni ulaghai, kwani matunda yenyewe huitoa gesi hiyo kwa tabia yake, wala simtishi mtu kwa ajili ya siha yake. Nasema tu kwamba kilichogeuzwa ni ganda. Ndizi na embe zikivundikwa hulainika na kukolea sukari, lakini chungwa halivundikwi: utamu liliochumwa nao ndio litakaoliwa nao, na kama lilichumwa kali, litafika mezani kali vile vile, isipokuwa limevaa nguo nzuri.

Wamepata kuwako watu waliokula machungwa ya pwani hii bila ya kuuliza rangi yake. Mabaharia wa Vasco da Gama walipotia nanga Mombasa mwezi wa Aprili 1498, wako waliokuwa wagonjwa, na mmoja wa wasafiri hao, aliyeandika habari za safari yao, anataja kondoo, machungwa, malimau na miwa waliyopelekewa na mfalme wa mji. Mwezi wa Januari 1499, waliporejea kutoka Bara Hindi hali fizi zimewavimba na wenzao wengi wamekwisha kuzikwa baharini, kitu walichokitamani wagonjwa wao mbele ya Malindi kilikuwa machungwa. Ilipita takriban miaka 250 kabla ya tabibu James Lind, katika manowari ya Kiingereza mwaka 1747, kuwagawa mabaharia 12 wenye maradhi hayo ya fizi wawili wawili, kila wawili kwa dawa yao, akaona kwamba waliopewa machungwa na malimau ndio waliopona upesi. Na hata hivyo serikali yake haikuamrisha maji ya malimau yatolewe katika manowari zake zote mpaka mwaka 1795. Wenye vyeo, inaonekana, huchelewa kuamini kile ambacho mgonjwa amekwisha kukijua kwa ulimi.

Basi jicho likiwekwa kando, hubaki mkono. Katika soko la Mgandini, mjini Tanga, nilimkuta bibi mmoja ameketi nyuma ya mafungu yake, nikamwamkia, "Shikamoo, bibi," naye akaniitikia marahaba huku akitazama kikapu changu kwanza na uso wangu baadaye. Nilipomwomba anichagulie yenye maji, aliokota mawili ambayo kwa macho yalikuwa pacha, akaniwekea moja katika kila kiganja. "Usibonyeze, mwanangu," akasema, "ukibonyeza unaniharibia mali, na wewe mwenyewe hupati kujua kitu. Pima tu." Nikapima. La kulia liliuteremsha mkono kidogo kabla mkono haujalizoea. La kushoto lilikaa tu, kubwa na jepesi. Akanipokonya yote mawili, akatia kisu karibu na kikonyo, na ganda likawa linashuka utepe mmoja mrefu wa kijani, mafuta yake yakirukia machoni mwangu, mpaka tunda likabaki na ngozi yake nyeupe ya ndani. Kisha akakata kifuniko. Lile zito lilimwaga maji yakamfika kwenye kifundo cha mkono. Lile jepesi lilionyesha chembe nyeupe zilizokakamaa, hasa upande wa kikonyo, na alipolikamua lilitoa matone ya kuhesabika.

"Hili lilisahauliwa mtini," alisema, akaliweka kando na kunikabidhi lile lingine nilinyonye.

Elimu yake haikukosea. Chungwa jema ni maji kwa karibu sehemu 87 katika kila 100, na tangu saa ya kutunguliwa huyapoteza kidogo kidogo kupitia ganda, kwa hiyo lililokaa dukani siku nyingi huwa jepesi ijapokuwa umbo lake halijasinyaa. Na lile lililoachwa mtini kupita wakati wake, au ambalo mti wake ulipata kiu, huweza kukauka chembe zake lingali zuri kwa nje. Uzito ukilinganishwa na ukubwa ndio shahidi wa kwanza. Shahidi wa pili ni ganda, ambalo likiwa laini lenye vitundu vidogo vidogo aghalabu huwa jembamba, na likiwa linakwaruza na limevimbavimba huwa nene. Machungwa ya miti michanga, katika mavuno yake ya kwanza, mara nyingi ni ya namna hii, makubwa ya kutamanisha, na nusu yake ni ganda. Makovu ya rangi ya kahawia yasimtishe mtu, kwani hayo huletwa na upepo unaposugua tunda changa kwenye matawi, nayo hayaingii ndani. Pa kutazamwa kwa hadhari ni pale palipokuwa na kikonyo: ikiwa mchumaji alilinyofoa akaacha tundu, kuvu imekwisha kupata mlango, na pakiwa pamelegea chini ya kidole, pana uozo, hata kama upande wa pili ni mgumu.

Jamaa wengine wa chungwa wana desturi zao. Chenza huweza kuwa na ganda lililoachana na nyama, nalo si kosa maadamu bado lina uzito, ila likivimba na kuwa jepesi limezeeka. Furungu humhadaa mtu kwa unene wa ganda lake jeupe, kwa hiyo kwalo mizani ya mkono inahitajiwa mara mbili. Ama ndimu, watu wengi huitafuta ya kijani iliyokoza na kuiacha iliyoanza kugeuka manjano, hali hiyo ya pili, ikiwa ganda lake ni jembamba na halijasinyaa, ndiyo yenye maji mengi. Na kabla ya kuikata, iviringishwe mezani chini ya kiganja mpaka ilegee, kama wafanyavyo wapishi wetu wote wanaojua kwamba mchuzi wa samaki haungoji ndimu yenye uchoyo.

Liko jambo moja ambalo sijaona likisemwa, nalo ni kwamba namna ya kuuza hubadilisha faida ya kuchagua. Sokoni chungwa huuzwa kwa hesabu au kwa fungu, na katika mauzo hayo mwenye kuchagua zito hupata maji ya ziada asiyoyalipia, ndiyo maana muuzaji mwerevu hupanga makubwa juu na madogo chini, ili tamaa ya jicho ishinde. Dukani huuzwa kwa kilo, na huko maji hulipiwa kama kitu kingine chochote, lakini ganda nene nalo hulipiwa, kwa hiyo asiyechagua hununua takataka kwa bei ya tunda. Kwa hali zote mbili mkono una kazi, na ni ajabu kwamba ni huko dukani ambako mkono umeanza kunyimwa kazi yake: machungwa yametiwa katika mifuko ya nyavu iliyofungwa kwa chuma, kumi kumi, zito na jepesi pamoja, na kijana aliyesimama hapo kwa adabu husema, "Samahani mzee, hairuhusiwi kufungua." Nyavu zenyewe nazo zina rangi ya machungwa, jambo ambalo halikutokea kwa bahati, kwani hata lililopauka hupata rangi ya kuazima likiwa ndani yake.

Najua hoja ya wenye maduka, nayo ina ukweli. Wanunuzi wengi hawapimi, hubonyeza, na chungwa lililobonyezwa na vidole vya watu wengi mchana kutwa huoza jioni, na hasara ni ya mwenye duka. Kadhalika yuko anayeuliza: ukichukua mazito yote wewe uliyewahi asubuhi, mtumishi anayetoka kazini usiku, na mtoto aliyetumwa na mama yake akiwa na fedha mkononi na macho kwenye peremende, watachukua nini? Swali hili lilinisumbua kuliko lile la kwanza, nikamwuliza yule bibi afanyavyo na yaliyokataliwa. Alinijibu kwamba mepesi huyauza kwa bei ya chini kwa vijana wa sharubati, nao hawalalamiki, kwa kuwa wanajua wananunua nini. Na mtoto akija peke yake humchagulia yeye, kwani mama yake akiona amepunjwa atakuja sokoni mwenyewe, na si kwa salamu.

Katika jibu hilo naona biashara iliyo na akili. Jepesi haliharamishwi kuuzwa, linauzwa kama jepesi, na asiyejua kuchagua anachaguliwa na anayejua. Duka kubwa haliwezi kuweka bibi katika kila rafu, hilo nakubali, wala sitegemei msimamizi wake anikabidhi kisu. Lakini linaweza kuyatoa machungwa katika nyavu, likayaweka ya Muheza na ya Misri katika masanduku mawili yaliyo sawa kwa mwanga na kwa mahali, yale ya kijani yasitupwe chini karibu na viazi kama yafanyiwavyo sasa, na asubuhi ya kila siku mfanyakazi mmoja akate moja kutoka kila sanduku, aliweke katika sahani ili watu walione ndani na kulionja. Gharama yake ni machungwa mawili. Na kama duka litaona haya kuweka sahani, basi liandike juu ya sanduku tarehe ambayo mzigo ulipokewa, nasi wenyewe tutahesabu maji yaliyobaki.