Je, Kujitegemea Ni Kutoa Tu?

Katika vijiji vyetu vya Singida, alizeti ikiisha kuvunwa, mara nyingi husikika habari ya mchango: wa darasa, wa zahanati, au wa kisima. Mmoja hutoa fedha, mwingine hutoa siku yake akafyatua matofali. Nataka kuuliza neno moja: mtu atoaye bila kuulizwa shauri, je, huyo ajitegemea?

Wengine hujibu, “Ndiyo, maana hakuomba kwa mgeni.” Lakini punda naye hubeba mzigo kwa nguvu zake mwenyewe, wala hatusemi kwamba ajitegemea, maana njia huchaguliwa na mwingine.

Jambo hili nchi yetu imekwisha kulionja. Tarehe 5 Februari 1967 Azimio la Arusha lilitangaza ujamaa na kujitegemea. Kisha mwaka 1973 ikatoka amri kwamba watu wote wa mashamba wakae katika vijiji, na wengi wakahamishwa kwa nguvu. Jina lilikuwa kujitegemea, lakini shauri halikuwa lao.

Sasa Katiba yetu ya mwaka 1977, katika ibara ya 8, yasema kwamba mamlaka ya Serikali yatoka kwa wananchi, nao watashiriki katika shughuli zake. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 yaweka mkutano wa kijiji, ambao ni wa wakazi wote wenye miaka 18 na zaidi. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yakataza halmashauri ya kijiji kugawa ardhi kabla mkutano huo haujakubali.

Basi lawama si ya wakubwa peke yao. Mkutano ukiitwa, wangapi kati yetu hubaki nyumbani, kisha jioni wakanung’unika? Sheria ni kama jembe lililotundikwa ukutani, halilimi lenyewe.

Labda mtu atasema, “Mimi maskini, nikisema sisikiwi.” Yawezekana kweli asisikiwe leo. Lakini anyamazaye siku zote huwazoeza wengine kuamua pasipo yeye. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naongeza: daftari lisiloulizwa ni sawa na kutokuwapo.

Kwa hiyo kutoa ni wajibu, na kuuliza hesabu ni wajibu vilevile. Si uadui wala utovu wa adabu. Mchango ujao ukitangazwa, twende na fedha mkononi na swali kinywani.