Kalavati, Masika na Kudra ya Mungu

Kalavati ni bomba au sanduku la zege linalolazwa chini ya barabara ili maji ya upande wa juu yavuke kwenda upande wa chini bila kuikata njia. Ni miongoni mwa kazi ndogo kabisa za mhandisi wa halmashauri, lakini imebeba swali zito: maji yakilizidi, barabara ikakatika na mtu akasombwa, mwenye kosa ni nani? Mara nyingi jibu hutolewa kabla maji hayajapungua. Husemwa kuwa ni kazi ya Mungu. Wafiwa husema hivyo kwa imani, na imani hiyo ni haki yao. Maneno hayohayo yakitoka kinywani mwa aliyechora, aliyejenga au aliyepaswa kuzibua, maana yake hubadilika, na hapo yanafaa kupimwa, kwanza kwa dini zenyewe zinazotajwa, kisha kwa kazi yenyewe.

Katika Uislamu swali la kadari liliulizwa mapema na kujibiwa hadharani. Imepokewa katika Sahihi Bukhari kwamba Khalifa Umar bin Khattab alikuwa njiani kwenda Sham aliposikia kuwa huko kumeingia tauni, akaamua kurudi. Abu Ubaida, kamanda wake huko Sham, akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Umar akakubali, akaongeza kuwa anaikimbia kadari ya Mungu na kuiendea kadari ya Mungu. Kisha akampigia mfano wa mchunga ngamia aliyeshuka kwenye bonde lenye upande wenye malisho na upande mkavu: popote atakapochunga atakuwa amechunga kwa kadari, ila kuchagua upande ni juu yake. Jibu hilo halipunguzi uwezo wa Mungu hata chembe. Linamnyima tu mwanadamu ruhusa ya kujificha nyuma yake. Mhandisi anayelaza bomba la sentimita 60 mahali palipohitaji la sentimita 90 amechagua upande wa bonde. Tundu la bomba la pili lina nafasi zaidi ya mara mbili ya la kwanza, na hilo analijua.

Umar huyohuyo anasimuliwa kuwa aliogopa kuulizwa na Mola wake juu ya mnyama atakayejikwaa Iraki kwa sababu hakusawazishiwa njia. Khalifa alikuwa Madina, safari ya siku nyingi kutoka huko. Mafundisho ya Mtume yalikwisha kuhesabu kuondoa kitu chenye madhara njiani kuwa sadaka na tawi la imani. Hofu ya Umar ililipeleka fundisho hilo mbali zaidi, hadi kwa mpita njia ambaye mwenye dhamana hatamwona kamwe. Wema wa jirani kwa jirani una uso na jina. Kazi za umma hufanywa kwa ajili ya mtu asiyejulikana, ambaye huenda hajazaliwa, na ambaye hana namna ya kuja kudai chake. Kiswahili kina neno moja la dhamana ya aina hiyo, nalo ni amana.

Injili ya Luka, sura ya 13, inataja ajali ya ujenzi waziwazi: mnara wa Siloamu uliwaangukia watu 18 na kuwaua. Yesu alikataa dhana iliyokuwa ikizunguka, kwamba waliokufa walikuwa wakosefu kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu, akawageuzia waliokuwa wakimsikiliza wito wa kutubu. Wahubiri huishia hapo, na ndio ujumbe wenyewe. Hata hivyo, kuna jambo la pili ndani yake: lawama imeondolewa kwa waliofukiwa. Jengo linapoporomoka mjini na watu wakaanza kunong'ona kuhusu dhambi za mtaa ule, maandiko hayako upande wao. Mfano wa nyumba mbili, moja juu ya mwamba na nyingine juu ya mchanga, nao husomwa haraka mno. Mvua ni ileile kwa nyumba zote mbili, mafuriko ni yaleyale, upepo ni uleule. Kilichotofautiana ni msingi, na msingi ni kazi ya mkono wa mtu.

Torati ilikuwa imekwisha kuliandika jambo hilo kama kanuni ya ujenzi. Kumbukumbu la Torati 22:8 inamwagiza mwenye nyumba mpya aweke ukingo darini, asije akawa na hatia ya damu iwapo mtu ataanguka. Agizo hilo halingoji mtu aanguke. Hatia inapimwa siku ya kujenga.

Na mwenye kujenga vizuri hupata thawabu isiyokoma. Uislamu unaiita kazi yake sadaka yenye kuendelea, na kisima hutajwa mara nyingi kama mfano wake. Mji Mkongwe wa Unguja uliishi na mfano mkubwa wa kazi ya namna hiyo: Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alileta maji safi ya chemchemi kutoka upande wa Bububu kwa mabomba hadi mjini, katika mji uliokuwa umeumizwa na kipindupindu. Mtu aliyekinga ndoo yake hakuhitaji kumjua aliyelaza bomba.

Sasa upande wa kazi yenyewe. Hakuna kalavati linalochorwa kupitisha mvua yoyote ile. Mhandisi huanza kwa kuchagua mvua atakayoikubali: ya miaka 10, ya miaka 25, ya miaka 50. Majina hayo huwapotosha wengi. Mvua ya miaka 10 haiji kwa zamu, mara moja kila muongo kama sensa. Ni mvua ambayo kila mwaka ina nafasi moja kati ya kumi ya kufikiwa au kupitwa. Hesabu ni rahisi. Kalavati lililochorwa kwa mvua hiyo lina uwezekano wa asilimia 65 wa kuzidiwa angalau mara moja ndani ya miaka 10, na asilimia 88 ndani ya miaka 20. Zege lenyewe hutarajiwa kudumu zaidi ya hapo. Kwa hiyo siku maji yatakapopita juu ya barabara, tukio hilo lilikuwa limeshaandikwa kwenye daftari la hesabu, kwa mkono wa binadamu, kabla ya kokoto la kwanza kumwagwa.

Hapa ndipo penye kiini cha suala. Mhandisi anapochagua mvua ya kuichorea, anachora mpaka: upande huu ni kazi yetu, upande ule tunamwachia Mungu. Mpaka lazima uwepo, kwa kuwa hakuna nchi yenye fedha ya kujenga kwa ajili ya kila gharika. Lakini mpaka huo haukushuka kutoka mbinguni. Uliwekwa ofisini, kwa kuangalia bajeti, na uzito wake ni wa kimaadili kuliko ulivyo wa kihesabu, maana unaamua watu wa mtaa gani watavuka salama na wa mtaa gani watabaki ng'ambo na mgonjwa wao. Kuuficha chini ya jina la Mungu ni kulitaja jina hilo bure.

Mpaka wenyewe pia husogea. Chukua eneo la kilomita moja ya mraba lenye mashamba na vichaka, linyeshewe mvua ya milimita 50 kwa saa. Ikiwa theluthi moja hivi ya maji hayo inatiririka na iliyobaki inanywewa na udongo, kalavati litapokea zaidi ya mita za ujazo 4 kila sekunde. Eneo hilohilo likijaa bati, sakafu na lami, sehemu inayotiririka yaweza kufika asilimia 70, na bomba lilelile litadaiwa kupitisha karibu mita za ujazo 10. Mvua haikuongezeka hata tone. Ndivyo Mto Msimbazi unavyopokea maji: unatoka milima ya Pugu, unapita katikati ya Dar es Salaam iliyojaa mapaa, na unaingia baharini baada ya Jangwani. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua zaidi ya watu 40 jijini humo, wengi wao wakazi wa mabondeni. Aliyetoa kibali cha kujenga huku juu ana sehemu yake katika maji ya kule chini, ingawa hajawahi kushika koleo.

Kisha kuna mikono inayojenga. Zege likiwa bichi kwenye toroli hushawishi: ukiongeza ndoo ya maji linalainika, linamwagika vizuri, vibarua wanapumua. Nguvu yake hupungua papo hapo, na hakuna jicho litakaloona, kwa sababu zege dhaifu na zege imara hukauka kwa rangi ileile. Ndiyo maana msimamizi mwaminifu hujaza zege kwenye kalibu za mchemraba za sentimita 15 mbele ya mkandarasi, na kuvipeleka vipande hivyo maabara kuvunjwa baada ya siku 7 na siku 28. Kuta za kalavati hufunikwa magunia na kumwagiliwa maji kwa siku kadhaa, na udongo wa pembeni hurudishwa kwa tabaka nyembamba, kila moja ikishindiliwa kabla ya nyingine kuwekwa. Mkandarasi akimwaga kifusi chote kwa mara moja na kupitisha greda juu, barabara itapendeza siku ya kukabidhiwa. Masika ya kwanza maji yatapenya ubavuni mwa bomba, na bomba zima litabaki limekaa peke yake mtoni, barabara ikiwa imekwenda zake. Kipindi cha matazamio baada ya kukabidhiwa, ambacho kwa kawaida ni mwaka mmoja, kiliwekwa kwa sababu hiyo. Wahandisi wa Tanzania hula kiapo cha taaluma yao, na kiapo ni jambo la dini kabla ya kuwa la sheria. Kinachoapiwa ni ile siku ambayo hakuna anayetazama.

Kazi inayosahaulika kuliko zote ni ya kuzibua. Alfajiri ya Aprili 29, 2024, maji yaliwaangukia watu wakiwa vitandani karibu na Mai Mahiu, Kaunti ya Nakuru, na makumi wakafa. Mwanzoni ilisemwa kuwa bwawa limepasuka. Baadaye Wizara ya Maji ya Kenya ilieleza kuwa maji yalikuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli, baada ya njia yake ya chini kuzibwa na udongo, mawe na magogo, hadi tuta likaachia. Mvua ya msimu ule ilikuwa kubwa kweli. Lakini tundu lililoziba hugeuza tuta kuwa bwawa ambalo hakuna aliyelichora, na kulizibua hakuhitaji muujiza.

Ni haki pia kutaja mzigo wa upande wa pili. TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini iliyoanza kazi Tanzania mwaka 2017, inabeba mtandao wa zaidi ya kilomita 144,000 za barabara, nyingi zikiwa za udongo. Kenya iligawa barabara zake kati ya mamlaka tatu kwa sheria ya mwaka 2007, kisha serikali za kaunti nazo zikapewa sehemu yake baada ya Katiba ya 2010. Mtaro unaoanzia kwa mwenye dhamana mmoja na kuishia kwa mwingine huwa yatima kirahisi. Mhandisi wa wilaya mwenye greda moja na kata nyingi hastahili kulaumiwa kama mwizi wa saruji. Kinachotakiwa kwake ni ukweli. Fedha zikiwa hazitoshi, lipo drifti: sakafu ya zege iliyolazwa usawa wa mto ili maji yapite juu yake, na nguzo zilizopigwa alama za kina pembeni. Drifti linamwambia kila anayefika kwamba leo hapapitiki, asubiri. Ni kazi ya bei nafuu, nayo haimdanganyi mtu.

Kiwango cha mvua kilichochaguliwa, kipenyo cha bomba na majibu ya vipande vya zege huandikwa katika usanifu na kumbukumbu za mradi. Diwani, imamu, mchungaji na mwenyekiti wa mtaa waviulizie katika mkutano wa hadhara siku mradi unapotambulishwa, kabla ya mkandarasi kuleta mitambo, na waulize hapohapo ni nani atakayezibua kila mwaka kabla ya Machi.