Dhana, Upelelezi na Sitara ya Mtu
Kurani, katika aya ya 12 ya Sura ya Al-Hujurat, inakataza tajassus, yaani kupekuapekua siri za watu, na inalitanguliza mbele yake katazo la dhana mbaya, kwa kuwa anayemdhania mwenzake ubaya huishia kumchungulia. Suala hilo la kupekua siri za watu limefika hata mahakamani: nchini Kenya, Mahakama Kuu ilibatilisha vifungu 8 vya sheria ya usalama ya 2014 mwezi Februari 2015, lakini ikauacha uwezo wa kunasa mawasiliano kwa ajili ya kuzuia ugaidi, ingawa Katiba ya 2010 inalinda faragha, yaani haki ya mtu kutoingiliwa katika nyumba na mazungumzo yake. Kulinda roho za watu ni wajibu, tena mkubwa. Ila dhana inayomwangukia Msomali wa mtaa wa Eastleigh jijini Nairobi kwa sababu ya jina lake tu, kabla hajatenda lolote, ndiyo hasa iliyokatazwa na aya hiyo.