Mkono Unaojua Kulegeza

Neno letu: Zaburi 32:3-9 na Waefeso 6:4

Nawasalimu ninyi mlioko kambini, na pia sisi wa Kampala, kuanzia Katwe na Nsambya hadi Ndejje, tunaosoma gazeti hili kwa kupokezana mpaka karatasi inachanika mikononi.

Mwezi uliopita nilikwenda upande wa Munyonyo, karibu na ziwa. Kijana mmoja wa kwaya yetu amepata kazi huko ya kuosha farasi na kusafisha mabanda yao. Aliniambia, "Mchungaji, njoo uone wanyama wa Biblia." Nilicheka, lakini nilikwenda. Ukweli ni kwamba nilitaka kutoka nyumbani. Mtoto wangu wa kiume, mwenye miaka 16, alikuwa ametimiza wiki mbili bila kulala kwetu. Nilikuwa nimempiga kwa sababu ya shule, akaondoka bila kusema neno. Nawaandikia haya ninyi mnaonisikiliza kila Jumapili nikifundisha juu ya malezi.

Kwanza niseme habari za farasi, maana wengi wetu tunamjua kwa kusoma tu. Kule Kivu tulifuga ng'ombe na mbuzi. Sehemu kubwa ya nchi zetu hizi ilikuwa na mbung'o, na ugonjwa anaoueneza huua farasi. Tena wako visubi, wadudu wadogo wa jioni na usiku, wanaobeba ugonjwa mwingine unaoweza kummaliza farasi kwa siku chache. Ndiyo maana farasi huingizwa bandani kabla ya giza. Nilipoona anavyotunzwa, nikafikiri moyoni kwamba huyu naye ni mgeni hapa.

Nilidhani kumfundisha farasi ni kumvunja nguvu. Ndivyo nilivyoelewa Yakobo 3:3, lijamu kinywani na mwili wote ukageuka. Lakini mwalimu niliyemkuta pale, mama mmoja mtu mzima, alikuwa na farasi wa miaka minne kwenye kamba ndefu, anamzungusha polepole, na kijana wetu alinieleza kwamba kazi hiyo ilianza zamani. Farasi hukaa tumboni mwa mama yake miezi 11. Akizaliwa, hufundishwa mambo madogo madogo: kuvaa kamba kichwani, kuongozwa, kuinua mguu ili kwato isafishwe, kusimama mahali pamoja. Mwalimu mwenye akili hana haraka ya kumpandisha mtu mgongoni kabla mifupa haijakomaa. Mara nyingi husubiri hadi mwaka wa tatu au wa nne, na baada ya hapo iko miaka mingine ya mazoezi. (Walioishi Nairobi wanajua uwanja wa Ngong. Mbio kubwa ya Kenya Derby ni mita 2,400, inakwisha kwa dakika mbili na nusu hivi. Watu hushangilia hizo dakika tu.)

Kazi yenyewe ni ya kale sana. Karibu miaka 1,400 kabla ya Kristo alikuwako mtu aitwaye Kikkuli, kutoka nchi ya Mitanni. Mafundisho yake ya kuwazoeza farasi wa magari ya vita yaliandikwa kwenye vibao vya udongo huko kwa Wahiti, nchi isiyo yake. Alipanga siku baada ya siku, zaidi ya siku 180: watembee umbali gani, wakimbie lini, wale nini, wanywe lini, waogeshwe lini, wapumzike lini. Karne nyingi baadaye tunasoma katika 1 Wafalme 10:28-29 kwamba wafanyabiashara wa Sulemani waliwauzia wafalme wa Wahiti farasi. Jina la yule mgeni limebaki mpaka leo kwa sababu ya kazi ya mikono yake. Nalisema hili kwa ajili ya mafundi wetu, washonaji na waalimu, wanaodhani ufundi wao ulibaki ng'ambo ya mpaka.

Sasa nije kwenye jambo lililonichoma. Mwalimu alivuta kamba kidogo sana ili farasi asogee upande wake. Farasi alikaza shingo. Hakuongeza nguvu, wala hakuachia. Alishika vilevile, kimya. Farasi alipoinamisha kichwa hatua moja tu, kamba ililegea saa ileile. Nilimwuliza kwa nini ameachia upesi wakati mnyama bado hajafika. Akaniambia kwamba farasi hajifunzi kwa kuvutwa, anajifunza kwa kulegezwa. Kuvuta kunamwuliza swali. Kulegeza kunamwambia amejibu vema. Mkono ukichelewa kuachia, hata kwa muda wa pumzi moja au mbili, farasi haelewi alifanya nini kilicho chema. Na mkono usioachia kabisa humfundisha mambo mawili tu, kupigana au kufa ganzi.

Wapendwa, nilikaa chini kwenye nyasi.

Mtoto wangu aliacha shule kwa sababu alipangwa darasa moja na watoto wadogo kwake kwa miaka minne, wakacheka Kiingereza chake. Nilimsema, akarudi. Jumatatu alikwenda, Jumanne alikwenda. Na mimi jioni zote mbili niliendelea kumsema yaleyale, mbele ya wadogo zake, kana kwamba hajarudi. Alhamisi hakwenda, nikachukua fimbo. Kamba yangu haikulegea hata siku moja.

Someni tena Zaburi ya 32. Daudi anasimulia jinsi alivyonyamaza na dhambi yake mpaka mifupa ikachakaa, na mkono wa Mungu ukawa mzito juu yake mchana na usiku. Kisha, katika mstari wa tano, anakiri, na katika mstari uleule anasamehewa. Mungu hakumwambia asubiri aone kama amebadilika kweli. Mkono mzito uliondoka alipogeuka. Halafu ndipo inakuja mistari ya nane na tisa, ahadi ya kuonyeshwa njia na kushauriwa huku jicho la Bwana likitutazama, na onyo tusifanane na farasi na nyumbu wasiokaribia bila lijamu. Kwa miaka mingi nimewahubiria vijana mstari wa tisa. Ule wa nane niliupita haraka.

Niliona jambo jingine pale. Upepo ulirusha kavera, na yule farasi kijana aliruka kando, macho yametoka. Mnyama huyu uponyaji wake ni mbio. Mungu alimpa macho ya pembeni aone karibu pande zote, na akiogopa, miguu hutangulia. Mwalimu hakumchapa. Aliokota kavera, akaisogeza kidogo, akarudi nyuma kabla farasi hajakimbia. Akaisogeza tena, akarudi. Ilichukua karibu nusu saa, mwishowe kavera ikagusa bega na farasi akabaki amesimama, sikio moja limeelekea kwa mwalimu. Kesho wataanza upya, walisema, na kesho kutwa. Mnawajua watoto wetu ambao tairi la lori likipasuka barabarani wanaingia chini ya kitanda. Wengine wametoka Goma na Bukavu mwaka 2025, mambo bado yako masikioni. Tunawaambia, "Acha ujinga, hapa ni Kampala."

Baadaye alikuja msichana anayejifunza kupanda. Hakupewa hatamu. Alizungushwa kwenye kamba, mikono hewani, mpaka ajue kukaa kwa uzito wake mwenyewe. Sababu ni hii: lijamu hulala juu ya ufizi mtupu, pale farasi asipokuwa na meno. Mpanda asiyejua kukaa akiyumba hujishikilia kwa hatamu, na maumivu yote yanakwenda kinywani mwa mnyama. Tena msichana alipewa farasi mzee, mpole, aliyezoea wanafunzi. Farasi mpya hupandwa na mtu mzoefu. Wote wawili wakiwa wapya, wataumizana.

Wazazi wenzangu, sisi tumeyumba. Kazi hakuna, kodi ya nyumba inadaiwa, na familia zilizokuwa zimemaliza vipimo vya kwenda Marekani zilikwama safari ziliposimamishwa Januari 2025. Mtu anayeyumba hushika kilicho karibu, na kilicho karibu ni mtoto. Tena sisi ni wapya katika nchi hii na watoto ni wapya. Wao wanajua Kiganda kutushinda, ndio wanaotutafsiria ofisini, na jioni tunataka wawe wadogo tena. Paulo anapowaambia akina baba wasiwachokoze watoto (Efe. 6:4), naona anamfundisha kwanza yule aliye juu ya tandiko.

Simsemi mzazi asishike kabisa. Yule mama hakuwahi kuiachia kamba yake ikaburuzwa chini.

Kesho yake nilikwenda Kabuusu, kwa rafiki yake ambako alikuwa analala. Nilimwambia nilikosa, na kwamba mlango uko wazi. Sikumwambia twende. Alirudi siku ya tatu. Wiki iliyopita alikwenda shule Jumatatu na Jumanne, Jumatano hakwenda. Jioni tulikula posho na maharage na nikanyamaza, ingawa ulimi uliniwasha. Yeye ndiye aliyesema: daftari la hesabu limekwisha. Tulitafuta shilingi, akanunua.

Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, baada ya ibada ya Kiswahili, wababa na wamama tutabaki kanisani tuzungumze juu ya jambo hili. Wazee waliokwisha kulea tunawahitaji hasa. Vijana pia waje, na wao ndio watakaoanza kusema.