Uthabiti na Ukaidi

Msomaji, ukiulizwa tofauti iliyopo baina ya uthabiti na ukaidi, yamkini utajibu upesi kwamba mtu thabiti hushika lililo jema na mkaidi hushika lililo baya. Jibu hilo latosha kwa mtihani, lakini halitoshi kwa maisha. Aliye katikati ya safari hajui bado kama njia aliyoishika ni njema. Akifika twamwita thabiti, akipotea twamwita mkaidi. Na ile methali yetu kwamba sikio la kufa halisikii dawa, mara nyingi twaisema baada ya mazishi. Je, hapana njia ya kuyatenga mambo haya mawili kabla mwisho haujajulikana?

Tulipime swali hili kwa maisha ya tajiri mmoja wa Ufaransa, Marcel Boussac. Alizaliwa Châteauroux mwaka 1889, mwana wa mwuza nguo. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha kulibaki marundo ya kitambaa kigumu kilichokuwa kikiwambwa juu ya mabawa ya ndege. Wengine walikiona takataka. Boussac alikinunua, akakishonesha nguo za kuvaa, akatajirika. Akapata kiwanda baada ya kiwanda, wengi wakamwita mfalme wa pamba. Hata Christian Dior, mshonaji ambaye jina lake lajulikana duniani kote, alifungua nyumba yake ya mitindo kwa fedha za Boussac mwaka 1946.

Lakini moyo wa tajiri huyu ulikuwa kwa farasi wake, katika shamba la Fresnay-le-Buffard, huko Normandy. Farasi wa mbio hapatikani kwa fedha tu. Mfugaji huchagua dume na jike, hungoja miezi kumi na mmoja mtoto azaliwe, kisha hungoja miaka miwili au mitatu zaidi kabla ya kujua kama alichagua vema. Kazi hiyo haimfai mtu anayeyumba. Boussac hakuyumba. Farasi wake Tourbillon alishinda mbio za Prix du Jockey Club mwaka 1931, naye akamfanya shina la ukoo mzima. Katika Vita Kuu ya Pili Wajerumani walimnyang'anya Pharis, mmoja wa farasi wake bora kabisa, wakampeleka kwao. Aliporejeshwa baada ya vita, Boussac aliendelea na mpango wake ule ule. Kati ya mwaka 1936 na 1949 farasi wake walishinda mara sita Prix de l'Arc de Triomphe, mashindano yenye heshima kubwa kuliko yote katika Ufaransa. Mwaka 1950 alivuka bahari akawashinda Waingereza kwao: Galcador alitwaa Derby, Asmena akatwaa Oaks, na Scratch akatwaa St Leger. Nani angethubutu kumwambia mtu huyo abadili njia?

Sasa mtazame Coronation, farasi jike aliyeshinda Arc ya mwaka 1949. Babu yake mzaa baba na babu yake mzaa mama walikuwa farasi mmoja, yule yule Tourbillon. Boussac aliipenda mno damu ya zizi lake, akairudisha juu yake yenyewe. Coronation alikimbia kwa fahari, lakini hakuacha mtoto hata mmoja. Sisemi kwamba undugu wa wazazi wake ndio uliomfanya tasa, maana hayo hayakuthibitika. Nasema tu kwamba baada ya miaka hiyo ushindi wa zizi ulipungua, na damu ngeni iliingia kwa shida.

Viwandani mambo yalikwenda vivyo hivyo. Nyuzi mpya zisizotoka shambani zikaingia sokoni, na makoloni yaliyokuwa yakinunua pamba ya Ufaransa yakajipatia uhuru. Boussac alikuwa amezoea kuamua peke yake. Naye alikuwa amepata kuwa sahihi mara nyingi mno. (Sisi walimu twaujua ugonjwa huo: somo lililofurahiwa mwaka wa kwanza hutaka kufundishwa vile vile mwaka wa ishirini.) Hasara ilipozidi, hakukimbia. Alitia mali yake mwenyewe kuziba pengo, mwaka baada ya mwaka.

Hapa ndipo penye ugumu, nami nakuomba usihukumu haraka. Tajiri anayetoa mali yake ili viwanda visifungwe, je, si mtu mwema? Naam, ni mwema kuliko yule auzaye mapema na kuwaacha watu wake njiani. Hata hivyo, naona kwamba wema wa moyo haukumwondolea wajibu wa kusikiliza. Mtu thabiti hushika njia yake huku sikio likiwa wazi. Akiambiwa kuna shimo mbele, huenda kulitazama, hata kama mwishowe atapita pale pale. Mkaidi hujibu kwa kuhesabu ushindi wake wa zamani. Alama hiyo yaweza kuonekana kabla ya mwisho. Tena hatari haikuwa ya Boussac peke yake. Farasi akishindwa hurudi zizini akale. Mfumaji wa kijiji kimoja cha Vosges, kiwanda kikifungwa, ana watoto na hana kazi nyingine karibu. Anayebeba maisha ya wengine hana haki ya kuziba sikio kama anayebeba yake tu.

Mwaka 1978 viwanda vilianguka mikononi mwa mahakama, vikauzwa. Mwaka huo huo Acamas, farasi wa Boussac, alishinda Prix du Jockey Club, kama Tourbillon miaka 47 kabla yake. Farasi nao wakauzwa. Wengi walinunuliwa na Aga Khan wa Nne, aliyepitisha sehemu ya utoto wake Nairobi. Boussac alifariki mwaka 1980. Miaka miwili baadaye Arc ilishindwa na Akiyda, farasi jike ambaye mama yake alitoka katika zizi la mzee yule.