Mgeni Siku Mbili, Siku ya Tatu Mpe Jembe



Likizo inakaribia. Najua wapo kati yenu, hasa wa TYCS na VIWAWA, wanaojipanga kwenda vijijini kujitolea: hawa kufyatua matofali ya kanisa la kigango, wale kusaidia mavuno. Hongereni sana. Ila kabla hamjafunga mabegi, tutafakari kidogo ule usemi wa wahenga: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

Wengi tunausikia kama kijembe kwa mgeni asiyejua kuondoka. Mimi nausikia kama heshima. Siku mbili za kwanza unachinjiwa kuku na kuwekewa kiti. Siku ya tatu ukishikishwa jembe, ujue umeshahesabiwa mtu wa nyumbani.

Mtume Paulo alisafiri sana, lakini jembe lake alitembea nalo. Matendo ya Mitume, sura ya 18, inatueleza kwamba alipofika Korintho alikaa kwa Akila na Priskila, akafanya kazi pamoja nao, maana wote walikuwa mafundi wa mahema. Na Wathesalonike aliwakumbusha kwamba alifanya kazi usiku na mchana asije akamlemea mtu. Mhubiri mkubwa namna ile, na chakula chake anakitolea jasho!

Sisi tuliopitia falsafa tunaye pia Simone Weil, mwalimu wa falsafa wa Ufaransa, aliyezaliwa mwaka 1909 katika familia ya Kiyahudi. Mwaka 1941, vita ikiendelea, alitaka kufanya kazi ya shamba. Padre mmoja Mdominiko akamtafutia nafasi kwa Gustave Thibon, mwandishi Mkatoliki aliyekuwa mkulima huko Ardèche. Msimu wa zabibu ulipofika, akaenda kuzivuna. Alikuwa amejifunza Baba Yetu kwa Kigiriki, akawa anaisali katikati ya kazi ile. Akaizoea pia kila asubuhi, na mawazo yakitoroka hata kidogo, anarudi mwanzo. Kwake, kuwa makini kabisa ndiko kusali.

Nililielewa hilo vizuri zaidi likizo moja nilipotumwa kwenye kigango cha mwambao wa Ziwa Nyasa. Mtandao wa kuvizia, yaani mpaka upande kilimani. Siku ya tatu akina mama wakanipa kisu, tukakaa kumenya mihogo. Jamani, mihogo michungu haina haraka! Inamenywa, inalowekwa siku kadhaa sumu itoke, inaanikwa ikauke, ndipo mtu azungumzie unga. Kati ya muhogo na muhogo, mama mmoja akaniuliza bila kuinua macho: "Frateri mwanangu, huku Misa tunaipata kwa kubahatisha. Wakikupa upadre, halafu wakutume kwetu, utakaa?"

Sikumjibu haraka. Nilimwambia, "Mama, niombee." Akasema ataniombea, akanisogezea muhogo mwingine.

Swali lile nimerudi nalo seminarini, na kila jioni naliweka mbele ya Yesu wa Ekaristi. Najua nisingeulizwa nikiwa kwenye kiti cha mgeni. Mgeni huulizwa habari za safari. Anayemenya mihogo huulizwa kama atakaa.

Basi, kijana mwenzangu, ukienda kijijini likizo hii, usikimbilie kuuliza wanahitaji nini, kama mtu wa mradi. Uliza wanaamka saa ngapi, uamke nao. Beba mchango wako wa chakula, maana kilichomo ghalani ndicho kitakachowavusha mpaka msimu ujao. Kabla ya kupiga picha, omba ruhusa. Jumapili padre asipofika, kaa kwenye ibada anayoongoza katekista, uimbe nao mpaka mwisho. Na mtu akikuuliza swali zito katikati ya kazi, usilikwepe kwa utani. Huenda ni Bwana anakuuliza.

Tusali: Ee Yesu, uliyekula jasho la mikono yako Nazareti, utufundishe kupokea jembe kwa furaha. Uwakumbuke wanaoingoja Misa mbali na barabara. Na unapotuuliza kama tutakaa, utupe moyo wa kujibu. Amina.