Maji ya kisima changu ni ya nani?

Ninyi mnaokaa Lubumbashi na pembeni yake mnaujua mwezi wa kumi. Mvua imekatika tangu mwezi wa nne, vumbi linaingia hata ndani ya sahani, na kamba ya kisima iliyotosha mwezi wa tano, sasa lazima kuiunga na kipande kingine. Ndoo inapanda nusu, na nusu ile imechanganyika na udongo.

Mwaka jana, wakati huo, nilifanya jambo ambalo nataka tulipime pamoja.

Nyumbani tuko watu saba. Niliwafundisha watoto kuweka akiba ya maji. Maji ya kuoshea mchele na sombe yapelekwe kwenye lengalenga nyuma ya nyumba. Maji ya kufulia yatiwe chooni. Kila mtu aoge kwa kopo. Pipa letu lina bomba dogo chini, nalo lilikuwa likidondoka, tone moja kwa sekunde. Nani anahangaika kwa tone? Lakini hesabuni: ni matone 86,400 kwa siku. Matone 20 ni karibu mililita 1, basi zinapotea lita 4 na zaidi. Kwa siku tano, bidoni nzima ya lita 20 imekwenda bure. Nikabadilisha mpira wa bomba, nikajiona mtu wa haki. Tena, ili akiba isipotee, nikaweka kufuli juu ya kifuniko cha kisima.

Siku ya tatu akaja mtoto wa jirani na bidoni ya njano.

– Papa, mama anaomba bidoni moja tu. Kisima chetu kimekauka.

Nikamwambia arudi kesho. Bibi yangu alisikia, hakusema neno. Jioni, akisonga bukari, aliniuliza: «Baba, maji haya tunayoyaweka, tunamwekea nani?»

Sikuwa na jibu. Maana mchoyo na mtu wa kiasi, ukiwatazama kwa nje, wanafanana kabisa: wote wawili wanapima, wote wawili wanafunika. Tofauti yao iko wapi?

Tuangalie kwanza kisima chenyewe. Mtu atasema: Nimewalipa wachimbaji kwa jasho langu, basi maji ni yangu. Neno hilo ni kweli nusu. Shimo ni lako, matofali ni yako, na kamba pia. Lakini maji hayazaliwi ndani ya shimo. Ni mvua iliyoanguka juu ya shamba la huyu na kiwanja cha yule, ikazama, ikatembea polepole chini ya nyua zetu zote bila kuuliza mpaka. Ndiyo sababu, mwenye mashine akivuta mchana kutwa, visima vifupi vya pembeni vinashuka. Nikimchinja mbuzi wangu, mbuzi wa jirani hakondi. Maji si hivyo.

Mtakatifu Thoma wa Akwino, aliyekufa mwaka 1274, alifundisha ya kwamba mtu ana haki ya kutunza na kugawa mali kama yake, maana kila mtu hutunza zaidi kilicho chake; lakini katika kuitumia asiione kuwa yake peke yake, bali awe tayari kuwapa wenye haja. Seminarini tulijifunza somo hili kwa ajili ya mtihani. Sikufikiri kwamba siku moja litanijia na bidoni ya njano.

Basi kufuli si dhambi. Kisima kisicho na mtunzaji huchafuka, na watoto huweza kuanguka ndani. Kosa langu lilikuwa kusahau kwamba ufunguo ni wa kugawa vilevile kama ni wa kufunga.

Labda utaniambia: «Mwalimu, nikiwafungulia wote, maji yatakwisha kwa siku mbili, na watoto wangu watalia pamoja na wao.» Neno hili ni zito, silicheki. Lakini tazama mji wa Cape Town, Afrika ya Kusini. Mvua ilipungua miaka mitatu mfululizo, 2015 mpaka 2017, na mwanzoni mwa 2018 wakuu wa mji waliamuru kila mtu asipite lita 50 kwa siku. (Wengi wetu tutacheka: sisi saba tulikuwa tukiishi kwa bidoni sita, karibu lita 17 kwa mtu!) Watu walioga wakisimama ndani ya beseni, na maji yale yakaingia chooni. Siku ya kufunga mabomba, waliyoiogopa sana, haikufika. Baadaye mvua ikarudi. Hakuna nyumba moja iliyoweza kufanya hivyo peke yake.

Jambo moja nisilisahau: maji ya kunawa mikono ukitoka chooni hayawekewi akiba. Kipindupindu tunakijua.

Kesho yake nilichukua bidoni mwenyewe mpaka kwa mama yule, nikamwomba radhi. Alinitazama kidogo, akasema: «Mwalimu, hata mimi, mwaka ule kisima chetu kilipokuwa na maji, nilikuwa na kufuli.» Tukacheka wote wawili, lakini si sana.

Toka siku ile nyumba nne zikapatana. Kila nyumba bidoni mbili asubuhi, mbili jioni, na katikati kisima kinapumzika ili maji yarudi. Sisi tukashuka kutoka bidoni sita mpaka nne. Watoto walinung'unika, nami pia, moyoni. Tukapatana tena kuweka mifereji kwenye mabati kabla ya mvua, maana mvua ya milimita 10 juu ya bati la meta 40 za mraba inaleta lita 400, ndizo bidoni 20.

Imebaki nyumba ya tano, ile yenye mashine. Tulikwenda wawili kwa bwana yule. Alitupa viti, akatusikiliza kwa heshima, akasema atafikiri. Usiku uleule tukasikia mashine ikivuta. Mwaka huu nataka kurudi kwake mwezi wa saba, kabla visima havijashuka.